Silinda Sita Zilinitosha

Riziki mwanangu,

Mambo ya blanketi, ya funguo za akiba, ya kupiga simu ukifika Columbus na kupiga tena ukifika Louisville, hayo mama yako ameshayamaliza. Ameyasema jikoni, ameyasema kwenye ngazi, na hivi ninavyoandika namsikia akiyasema upya mlangoni pa chumba chako. Sina la kuongeza hapo. Mimi nakuandikia juu ya injini.

Usicheke kwanza. Leo mchana tulipokuwa tunafunga godoro lako juu ya gari, uliniuliza kama bado nina hasira na wewe kwa sababu ya ile video. Uliuliza kwa Kiingereza, kwa sababu mambo mazito wewe huyasema kwa Kiingereza. Mimi nikakujibu, "Kaza kamba upande wako." Hilo halikuwa jibu, na ulijua. Kwa mdomo siwezi kukujibu vizuri, maana nikianza habari hii sauti inapanda, majirani wanadhani kuna ugomvi. Acha nijaribu kwa kalamu.

Ndiyo, nina hasira. Nimekuwa nayo tangu majani yaanze kuanguka mwaka jana na sioni dalili ya kuisha. Lakini hasira ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Ili nikuonyeshe ni nani, lazima nianzie Louisville kabla hujazaliwa. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo: gari nilikuonyesha kila siku ya maisha yako, habari zake sikukusimulia.

Tulipofika Louisville, mimi na mama yako tulikuwa watu wa kupangiwa. Kule kambini Nyarugusu tulipangiwa kijiji, tukapangiwa nyumba, tukapangiwa siku ya kupokea unga. Halafu mtu tusiyemjua, katika ofisi tusiyoijua, akatupangia Louisville. Tulipotua tukapewa nyumba ya kupanga kule Highview, nyuma ya safu ya maduka. Ndani tulikuta viti, sufuria, na picha ya mbwa wawili imetundikwa ukutani. Mama yako aliitazama ile picha muda mrefu, akasema, "Na hii nayo ni ya kwetu?" Tulishukuru kwa yote. Viatu vilivyonibana nilivishukuru. Nilipewa koti, nikalishukuru, nikalivaa msimu mzima wa baridi, mpaka mama mmoja kazini aliponivuta pembeni na kunieleza kwamba lile ni koti la kike.

Siwalaumu waliotoa. Bila wao tungeganda. Nakueleza tu jinsi neno asante lilivyozoea mdomo wangu, likawa linatoka lenyewe kabla macho hayajaangalia kilicholetwa.

Ng'ambo ya uzio aliishi mzee aliyeitwa Russell. Alikuwa amestaafu kiwandani, mkewe ameshafariki, na katika banda lake la gari alikuwa na Chevelle ya mwaka 1970, kijani kama sombe, kile kisamvu cha kwetu, iliyoiva. Alinikuta siku moja nachungulia. Nilidhani atanifukuza. Akanifungulia geti.

Kiingereza changu nilijifunzia juu ya boneti ya gari lile, Riziki. Kabla sijajua kumwambia daktari panauma wapi, nilijua plagi, kabureta, rejeta. Russell alinieleza kwamba miaka ile, magari ya umbo la kati kama hilo yaliuzwa kama sambusa: nje zote pembe tatu, ndani unachagua mwenyewe. Injini ya chini kabisa ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, inchi za ujazo mia mbili na hamsini. Juu yake V8, yaani silinda nane, ya mia tatu na saba, halafu ya mia tatu na hamsini. Kisha yanaanza majina ya kutisha. Mia tatu tisini na sita, ambayo mwaka ule ilikuwa imeshapanuliwa ikapita mia nne, lakini wakaiacha na jina lake la zamani kwa sababu watu walilipenda. Na kileleni, mia nne hamsini na nne. Hiyo, alisema, ikipita barabarani vikombe vilicheza kabatini.

"Na hii yako?" nikamuuliza.

"Sita," akasema, akainua boneti.

Ndani palikuwa peupe. Injini yenyewe nyembamba, ndefu, imekaa katikati, na kila upande nafasi ya kutosha mtu kuingiza mabega. Mikono ilifika kila mahali. Nilipenda pale pale. Nilikuwa nimetoka katika maisha ambayo hakuna kitu nilichoweza kukifikia kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi wazee wa magari walikutana kwenye uwanja wa maegesho mbele ya maduka. Russell alianza kunichukua. Wenye injini kubwa waliziacha zikinguruma, wakasimama na kahawa zao wakikumbuka ujana. Walikuja kwetu pia, maana gari lilikuwa zuri kwa nje. Wakainua boneti, wakaona sita, wakaishusha taratibu, kama mtu aliyefunua sufuria kwa jirani akakuta maji matupu. "Pole," mmoja alimwambia. "Ukitaka, namjua mtu mwenye mia tatu na hamsini."

Njiani kurudi Russell alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Uongo!" akapiga usukani. "Ukiwasikiliza utadhani zamani kila kijana alikuwa na mia nne hamsini na nne. Mtaa wetu mzima alikuwa nayo mtu mmoja! Sisi wengine tuliendesha kama watu. Tuliwapeleka mama zetu kwa daktari. Sasa wamezeeka, wote wanakumbuka injini wasizowahi kuwa nazo."

Nikamuuliza kwa nini hakununua kubwa. Nilidhani ataniambia umaskini.

"Niliweza," akasema. "Nilikuwa na kazi nzuri. Niliingia dukani, yule muuzaji akanionyesha zote, nikasema nataka sita. Niliitaka! Nilitaka gari ambalo nitalitengeneza mwenyewe hadi nife. Maisha yangu yote watu wananipa pole kwa kitu nilichokichagua. Kwa nini hakuna anayeniamini?"

Nilimwamini. Ila wakati ule sikuelewa hasira yake. Nilidhani ni ukali wa uzee. Samahani, Russell.

Macho yake yalipoanza kufifia aliniita bandani. Akasema gari litakuwa langu. Halafu akaniuliza swali. Shemeji yake alikuwa na injini ya mia tatu na hamsini, imekaa tu. Nikitaka, wangeniwekea kabla hajanikabidhi funguo. Alisema bila kunishawishi upande wowote. "Unataka ipi?" akauliza, akanyamaza, akangoja.

Riziki, tangu nivuke Ziwa Tanganyika na fulana moja mwilini, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nataka nini kisha akangoja jibu. Nikasema, "Nataka hii hii."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alinipa funguo. Hakunitaka ahadi yoyote, wala hakuniambia nimtunzie kumbukumbu. Ningeweza kuling'oa kila kitu kesho yake. Ndiyo maana lilikuwa langu kweli. Katika gari hilo mama yako alijifunza kuendesha, na katika gari hilo tulikutoa wewe hospitali, mimi nikienda polepole hadi watu wakanipigia honi barabara nzima.

Tulipohamia Columbus kwa binamu yangu, nililiendesha mwenyewe, na hapo nataka ujue ujinga wangu. Tulipokwisha pita Cincinnati, taa ya joto iliwaka. Niliiona. Mama yako aliiona pia, akasema, "Simama." Sikusimama. Niliona aibu kukaa kando ya barabara kuu, mtu mweusi na gari la zamani linalotoa mvuke, wapitaji wakisema wale wakimbizi wameharibikiwa. Nikaendelea. Tulifika Columbus gasketi ya silinda hedi imeungua. Ningesimama lipoe na kulitia maji, ningekuwa nimepoteza saa moja. Aibu ndiyo iliyoiunguza ile gasketi. Kila kitu nilichokiharibu katika nchi hii, ukichimba chini, utakuta niliogopa watu watasemaje.

Tuliifungua injini pale pale uwanjani, mbele ya nyumba za kupanga, mimi na mama yako, wewe ukiwa ndani kwenye kile kiti kirefu cha mbele unapiga honi. Mama yako alisugua bloki mpaka kucha zake zikawa nyeusi. Akasema kama tumeisafisha hivi basi tuipake na rangi. Kiwandani zilipakwa rangi ya machungwa. Akaenda dukani, akarudi na kopo la manjano.

"Ile ya machungwa imeisha," akasema. "Bon, moteri itajua?"

Tukaipaka manjano. Manjano kali, ya kitoto. Ilipowaka tena mama yako alipiga vigelegele, na dirisha zima la ghorofa ya pili likajaa vichwa vya Wasomali wakitushangilia. Hiyo ndiyo injini iliyokuja nasi hapa Buffalo. Hiyo ndiyo waliyoitoa.

Sasa nimfikie Keith. Nitajitahidi niwe wa haki. Keith ni mtu mwema. Nimeandika neno hilo na mkono umekataa kidogo, lakini ni kweli. Alitupokea kanisani. Mama yako alipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyekuwa akikupeleka shule. Ana karakana ya magari ya zamani na ana moyo mkubwa. Tatizo lake ni moja: hajawahi kufikiria kwamba mtu kama mimi anaweza kuwa tayari na kile anachokitaka.

Nilimpelekea gari kwa sababu chumvi ya barabara za Buffalo ilikuwa imeila sakafu. Wiki zikapita. Nikiuliza, naambiwa bati bado linasubiriwa. Wewe ulijua kinachofanyika. Keith alikuwa amekupigia simu kukuuliza baba yako angefurahia nini, akakuambia hakuna mwenye Chevelle asiyeota injini kubwa. Na wewe ulikumbuka kwamba kwenye maonyesho mimi husimama karibu na mia nne hamsini na nne na kufumba macho nikiisikiliza. Ni kweli, huwa nasikiliza. Nasikiliza ngurumo ya mvua pia, na sitaki iingie sebuleni. Lakini ungejuaje? Sikuwahi kukuambia habari za yule mzee na swali lake. Ukamwambia ndiyo, kwa upendo. Hilo nalijua sasa.

Jumapili ile baada ya ibada walinifunga macho kwa kitambaa. Walipokifungua, nilikuwa uwanjani kwa kanisa, watu wamezunguka, simu zimeinuliwa. Keith akainua boneti. Ndani ilijaa pomoni mia nne hamsini na nne. Chuma kinachong'aa kama vijiko vya arusi, kimebanana hadi huwezi kupitisha kidole. Macho yangu yalitafuta manjano. Nilidhani labda iko chini. Nilidhani labda iko kando, kwenye turubai, wataniletea. Keith akawasha, watoto wakaziba masikio, watu wakapiga makofi. Kisha akaigeukia simu iliyokuwa inarekodi na kusema, "Familia hii ilikuja nchi hii haina kitu. Leo baba huyu anapata gari aliloliota maisha yake yote."

Haina kitu! Tulikuja na lugha nne. Mama yako alikuja na ukunga wake, watoto wa watu aliowapokea kambini kwa mikono yake. Na lile gari sikuliota, nililiendesha! Nilikuwa nalo tayari!

Nawe ukaniinamia sikioni: "Papa, smile. Say thank you."

Nikatabasamu. Nikasema asante. Halafu yule anayerekodi akasema sauti haikuingia vizuri, nikasema tena.

Hilo ndilo kosa langu kubwa, mwanangu, kuliko la gasketi. Lile tabasamu ni langu, hakuna aliyenivuta mashavu. Nilisimama mbele ya watu walioninyang'anya kitu changu, nikawashukuru mara mbili. Na kwa kuwa sikuweza kuwakasirikia pale, nilibeba hasira yote nikaileta nyumbani, nikaitua juu yako. Nilikuambia umenidhalilisha. Nilikuambia umekuwa mtoto wao. Ulikuwa umesimama karibu na friji. Kisha nikaacha kukusemesha, siku nyingi, katika nyumba hii ndogo, tukipishana ukumbini kama wapangaji.

Mama yako ndiye aliyenikatisha. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso.

"Weye unamukasirikia mutoto," akasema. "Mutoto ndiye alitoa moteri? Enda kwa mwenye alitoa."

Nikaenda. Keith alinipokea kwa kunikumbatia. Nikamwambia nimekuja kuchukua injini yangu. Akafikiri Kiingereza changu kimenikwama. "Injini yako iko ndani ya gari," akasema polepole, kama anasema na mtoto.

"Ile ya manjano."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. "Ile? Ile haikuwa injini, rafiki. Ile ilikuwa uzito wa kushikilia mlango usifungwe na upepo."

"Iko wapi?"

"Sikiliza. Unajua ni wanaume wangapi wanaiota hii niliyokuwekea?"

"Wape hao," nikasema.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Aliumia, Riziki, nilimwona. Alikuwa amekesha kwenye kazi ile, na wenzake pia. Akasema, "Tulitaka kukufurahisha." Nikamwambia, "Mngeniuliza." Akasema, "Basi isingekuwa zawadi ya kushtukiza." Nikatafuta jibu la Kiingereza, sikulipata. Nimelipata baadaye, nikiwa natembea, kama kawaida: mimi nimeshtukizwa vya kutosha. Tulishtukizwa na vita kwetu Uvira alfajiri, na toka siku ile kila mtu aliyekuja na karatasi mkononi alikuwa na jambo la kunishtukiza. Niulizeni tu.

Mwishowe aliniambia ilikopelekwa: kwa wanunuzi wa chuma chakavu kule Lackawanna.

Unakumbuka kanisani wiki iliyofuata. Mama yako alisalimia watu wakatazama vitabu vya nyimbo. Dada mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu hata uwape nini. Wenzetu Wakongo nao hawakunielewa. Papa Asukulu mwenyewe, rafiki yangu tangu kambini, alipoegesha pikapu yake mbele ya nyumba alinisema.

"Banakupa kitu kikubwa, weye unakasirika juu ya nini?"

"Hawakuniuliza, Asukulu."

Akaweka mikono juu ya usukani. Nafikiri alikuwa anapita mwenyewe katika vitu vyake vyote, kimoja kimoja.

"Eh," akasema. "Kweli hawakuuliza. Donc, twende."

Niliingia ndani kuchukua koti, na nilipotoka ulikuwa umeshakaa ndani ya pikapu, umevaa buti za kazi za mama yako. Sikukualika. Hukuniomba. Tulikwenda Lackawanna sisi watatu tumebanana, kukiwa na ile mvua nyembamba ya ziwani inayouma kama sindano. Wewe umekulia hapa, unapaona pa kawaida, lakini mimi kila nikipita pale najiuliza chuma chote kilichoyeyushwa katika mji ule kiko wapi sasa, na kama waliokiyeyusha waliwahi kuulizwa kabla milango ya viwanda haijafungwa.

Mwenye uwanja alituonyesha rundo la injini, akarudi kwenye joto lake. Rundo lilikuwa refu kuliko mimi. Asukulu alianza upande mmoja, mimi upande mwingine. Tope, mafuta, kutu, vyote rangi moja. Baada ya muda mrefu mgongo ulinikatika, nikakaa juu ya rimu la lori, nikasema moyoni basi. Nilikuwa natafuta maneno ya kuwaambia turudi.

Ndipo nikakusikia. Ulikuwa umepanda juu ya rundo, umelala kifudifudi, mkono umeingia hadi begani katikati ya vyuma, nywele zimelowa.

"Papa!" ukapiga kelele. "Papa, iko hapa! Naona manjano! Iko hapa!"

Kwa Kiswahili. Tangu Jumapili ile ulikuwa hujaniambia neno hata moja la Kiswahili, na sijui kama wewe mwenyewe ulitambua.

Uliniuliza leo mchana. Jibu ndilo hilo. Hasira yangu kwako iliishia pale, wewe ukiwa juu ya lile rundo, na nilipaswa kukuambia wakati ule ule. Badala yake nilikuambia ushuke usije ukaanguka. Nisamehe kwa ukimya ule. Wewe sina cha kukusamehe.

Mengine unayajua, ulikuwepo. Maji yalikuwa yameingia ndani ya silinda, pistoni mbili zimeganda. Baridi yote tulikuwa katika banda letu la gari, wewe ukirudi kazini unabadilisha nguo moja kwa moja. Ulijifunza kusikia kwa vidole kama ukuta wa silinda umelainika. Ulitukana mara moja, spana ilipokuponyoka ikanigonga goti, kisha ukanitazama kwa woga, nikacheka hadi nikakaa chini. Ile kubwa tuliiinua kwa winchi, tukaifunika vizuri, Asukulu akairudisha kwa Keith bila mkwaruzo hata mmoja. Siku theluji ilipoanza kulegea, sita iliwaka. Haikunguruma. Ilianza kusema kwa sauti yake ya chini, sawasawa, kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokatizwa. Ulinitazama, nami nikakusimulia habari za Russell kwa mara ya kwanza, tumekaa kwenye kile kiti kirefu, joto likitujia miguuni. Ningekusimulia ukiwa na miaka saba, tusingefika Lackawanna.

Kesho unakwenda Louisville kufanya kazi ya kupokea watu waliofika juzi. Nimeona unavyoifurahia. Utakuwa na funguo za nyumba zao kabla yao. Utachagua viti na sufuria. Sikuambii usichague, watu watakuwa wanatua usiku na baridi, lazima mtu awe amechagua. Wala sikuambii uwe mnyonge mbele ya kazi yako. Nakusimulia tu kilichompata baba yako mikononi mwa mtu mwema, kwa sababu watu wabaya utawatambua mwenyewe.

Jambo la mwisho hulijui. Wiki iliyopita, ukiwa umekwenda kuaga marafiki zako, Keith alikuja hapa nyumbani. Sikuwa nimemwona tangu tulipoacha kwenda kanisani kwake. Alisimama chini ya ngazi, hakupanda. Amekonda kidogo. Video yake bado ipo, watu bado wanaitazama na kulia, na hilo linanichemsha damu hadi leo.

Akasema, "Nimesikia imewaka."

"Imewaka."

"Ningependa kuisikia," akasema. Kisha akajirekebisha. "Naomba kuisikia. Kama utakubali."

Mama yako alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akivuta pumzi. Yule mtu aliniuliza, Riziki. Aliniuliza, akanyamaza, akangoja. Nikaangalia ndani yangu kwa haki yote niliyo nayo, nione nataka nini.

"Hapana," nikamwambia.

Alingoja niongeze kitu. Sikuongeza. Sikusema samahani, sikusema labda siku nyingine, na ile asante iliyokuja yenyewe mdomoni niliimeza. Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, akatembea hadi kwenye gari lake. Labda iko siku nitamwita. Hilo nitaliamua mimi.

Huko uendako, siku moja mtu atakufungulia mlango nusu, atatazama kitu kizuri ulichomletea kwa moyo wako wote, na atakuambia hapana. Utaumia, maana wewe ni mtoto mwenye upendo. Usimbishie. Kaa pale mlangoni kidogo umsikie anavyolitamka. Huenda ni mara yake ya kwanza tangu avuke mpaka.

Baba yako,
anayekupenda, na ambaye hasira yake bado iko salama